Kola Niliyoikata kwenye Karatasi Yako

Mwanangu Mwanaidi, jina la mama yangu,

Barua za kwetu Tanga mwandishi huanza kwa kusema yeye hajambo, hofu ni kwa anayeandikiwa. Leo nageuza. Wewe najua hujambo, mama yako kaniambia unakula vizuri na unacheka huko Braamfontein kwa rafiki yako. Hofu yote iko huku Doornfontein, imekalia kiti cha fundi na inakuandikia.

Ni saa nane mchana na umeme umekatwa. Ratiba inasema utarudi saa kumi na nusu, na ratiba hiyo ndiyo kitu pekee cha umeme kinachofanya kazi siku hizi. Cherehani zote za jengo zimenyamaza. Papa Ilunga wa meza ya pili kaenda kutafuta chai kwa watu wenye gesi. Kwa hiyo nina kalamu, nina daftari la vipimo vya wateja, na sina kisingizio. Mama yako atapita saa kumi na moja achukue barua hii akuletee pamoja na begi, maana kesho ndiyo kesho.

Habari za chanjo, dawa ya malaria usiyoihitaji, na nakala za pasi za kusafiria, mama yako keshakuandikia. Orodha yake nimeiona, ina mpaka idadi ya soksi. Mimi hapo siingii, nisije nikagombana na wanawake wawili wiki moja. Mimi nina habari ya karatasi.

Najua ulichokiona Alhamisi. Uliingia hapa ukaona kwenye msumari wangu wa vigezo, ule ninaotundikia karatasi za kukatia nguo, kuna kigezo kipya cha kola. Ukakisogelea, ukaona mistari yako ya kalamu ya kijani. Ilikuwa ile karatasi uliyoichapisha mwenyewe, mashauri kwa msafiri anayekwenda Barbados, ukaniwekea mezani ukasema, "Baba, isome, halafu tuongee." Nami nikaitikia bila kuinua kichwa. Sasa ukaitazama kola, ukanitazama mimi, ukasema, "Sharp, baba," ukatoka. Mji huu wa Johannesburg nimeukaa miaka ishirini na miwili. Naijua sharp ya kukubali, na naijua sharp ya kufunga mlango.

Naomba uniamini, mama, sikuikata kwa dharau. Niliigeuza nikaona mgongo wake mweupe, karatasi imara, haina mkunjo. Fundi akiona karatasi ya namna ile haoni maandishi, anaona kola. Siku ile nilikuwa natafuta karatasi kwa udi na uvumba kwa sababu nilikuwa nakushonea jaketi kwa siri. Ndiyo. Wiki nzima ulidhani nimekununia, na kweli nilikuwa nimenuna, lakini nilinuna huku nashona.

Maana kabla ya karatasi kulikuwa na yale maneno. Uliponiambia Camille, rafiki yako wa Barbados, kakualika kwao, mama yake ana nyumba ya wageni karibu na bahari, utakaa miezi mitatu ujifunze mapishi na uendeshaji, nilisema, "Nenda, lakini mimi sikusindikizi." Mama yako hakuelewa kwa nini ulilia. Kwao Uzulu msafiri husindikizwa pia, lakini labda neno halina uzito ule. Kwetu msafiri asiyesindikizwa ni kama mtu aliyefukuzwa. Hata mgeni aliyekuja kuomba chumvi anasindikizwa mpaka njiani.

Na mimi ndiye niliyestahili kulijua hilo kuliko wote, kwa sababu baba yangu hakunisindikiza. Siku ninaondoka Tanga alikuwa ndani, namsikia anakohoa. Nilikaa barazani na begi langu nikimsubiri, mpaka bibi yako akanishika mkono akaniambia twende, basi halingoji. Nilipofika kituoni niliapa kwamba mimi nikipata mtoto sitafanya hivyo. Haya, nimepata mtoto. Kiapo kilidumu mpaka mtoto akataka kwenda mahali.

Nilichokasirikia si Barbados. Ni hiyo miezi mitatu. Nilipoondoka nilimwambia mama miezi mitatu, nikashone nguo Johannesburg, nirudi. Sikumdanganya, nilikuwa naamini. Kisha nikaona haya kurudi bila kitu, nikaongeza mitatu mingine, nikaongeza tena, mara nikamwona mama yako kwenye foleni ya mkate pale Bertrams na habari ya kurudi ikaisha. Kwa hiyo uliposema miezi mitatu, masikio yangu yalisikia miaka ishirini na miwili. Hilo ni kosa la masikio yangu, si la mdomo wako.

Sasa sikiliza jaketi lilivyokuwa, halafu ucheke, nakuruhusu. Najua unapenda nguo za kombati, yale madoa ya kijeshi. Nilipata kitambaa kizuri, kizito, madoa ya kijani na kahawia. Nikakuwekea mifuko sita, zipu ya shaba, na kwa ndani hariri. Nilijisemea, mwanangu akishuka kwenye ndege kule, watauliza fundi wake nani. Ijumaa nikalitundika limekamilika, kola imekaa shingoni imetulia. Papa Ilunga akalizunguka mara mbili, na unamjua, Mkongo haisifu nguo ya mwenzake kirahisi. Kisha akatoa kigezo kwenye msumari aige kola yangu. Akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena midomo ikitembea.

"Mzee," akaniambia, "apa banasema ile nguo, batamukamata mutoto."

Nikamwambia aache utani. Akanionyesha. Palepale kwenye mkunjo wa kola, chini ya mstari wako wa kijani: nguo za madoa ya kijeshi ni marufuku Barbados kwa raia yeyote, hata mtoto, hata mgeni. Mwanangu, nilichukua karatasi iliyosema usivae jaketi hili, nikaikatia kola ya jaketi hilohilo. Fundi wa miaka thelathini! Papa Ilunga alicheka mpaka akakaa chini, na jana bado alikuwa anacheka kwa vituo, kama mtu mwenye kwikwi.

Mimi sikucheka siku ile. Nilimwaga mfuko wa mabaki sakafuni, nikapiga magoti, nikaanza kutafuta vipande vyako. Vingine vilikuwa vimeshatumika kufungia vifungo. Kimoja kilikuwa chini ya mguu wa meza, nilikiweka mwenyewe isitikisike. Nikavipanga kwa pini, nikavishona kwa mashine mshono wa msumeno, karatasi juu ya karatasi, nikaiegemeza kwenye taa nikasoma yote. Umeme wenyewe ulikuwepo siku hiyo, alhamdulillahi. Basi kama bado unataka tuongee, mimi niko tayari. Naanza.

Umepigia mistari miwili pale wanaposema ukiingia dukani, ukipanda basi, ukimkuta mtu njiani, sema kwanza habari za asubuhi, ndipo uulize shida yako. Asiyesalimia anaonekana hana adabu na hasaidiwi. Hapo nilisimama kusoma. Wiki yangu ya kwanza hapa nilitoka asubuhi kwenda kutafuta kazi nikawa namsalimia kila ninayepishana naye, kama kwetu, na kusimama nasimama. Mama mmoja akakumbatia mkoba wake akavuka barabara robot, taa ya magari, ikiwa nyekundu. Mwingine akanipa sarafu. Nikajifunza kunyamaza. Wewe ulipoanza kutembea mwenyewe nikakufundisha hivyohivyo: tazama mbele, tembea haraka, usimjibu mtu. Ulikuwa na miaka saba, unapenda kusalimia mpaka mbwa. Nilikuzima kama taa. Kwa mji huu pengine nilifanya vyema, sijui. Lakini huko somo hilo nalifuta. Salimia, mama. Ile tabia uliyokuwa nayo ukiwa na miaka saba ndiyo inayotakiwa, na naamini bado iko mahali fulani, mimi mwenyewe nilishindwa kuimaliza.

Halafu mabasi. Wanasema vituo vina vibao vya aina mbili tu, kwenda mjini na kutoka mjini, ukijua unakotaka huwezi kupotea. Nimewaonea wivu. Hapa teksi, daladala za huku, husimamishwa kwa vidole, kila njia na alama yake, na mimi siku ya kwanza nilipunga mkono wote kama namwita mtu. Kila dereva akaelewa lake. Nilijikuta Soweto, kazi ikiwa Doornfontein. Na kilichonipeleka mbali si mkono, ni kiburi. Nilikaa kwenye gari nikiona majengo yanaisha, nikaona haya kumuuliza jirani tunakwenda wapi. Nilijua kuuliza si ujinga, nilikuwa nayasema maneno hayo kwa wengine. Nikashuka mwisho wa njia nikajifanya ndiko nilikokuwa nakwenda, nikatembea kwa madaha mpaka nilipohakikisha hakuna anayeniona.

Na kuna ule mti. Karatasi inasema uko ufukweni, una majani ya kupendeza na vitunda vya kijani kama tufaha dogo. Usile tunda lake, usishike tawi lake, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, kwa sababu maji yanayotiririka kwenye majani yanaunguza ngozi. Mingine imepakwa pete nyekundu shinani, mingine haikupakwa. Camille akuonyeshe siku ya kwanza kabla hujatandika kanga popote. Niliposoma hapo nilimkumbuka mtu mmoja aliyenipokea stesheni. Aliongea Kiswahili cha Tanga hasa, akanitajia mtaa wetu, akaniambia karibu nyumbani ndugu yangu. Nililala kwake siku nne kwa raha zote. Siku ya tano niliamka yeye hayupo, na cherehani niliyokuja nayo kutoka nyumbani, ya mkono, ya marehemu babu, haipo. Nililia kama mtoto, nakuambia kweli. Lakini aliyeniokoa siku ileile hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mkongo aliyekuwa anashona chini ya ngazi, hatukuelewana nusu ya maneno, akasogea akaniachia nusu ya benchi. Unamjua. Sasa hivi yuko nje anatafuta chai.

Huo mti hauna kibao, na watu hawana pete nyekundu. Mimi nilimpima yule wa kwanza kwa lugha yake, na huyu wa pili karibu nimkatae kwa sababu ya lugha yake. Tangu hapo nangoja kidogo, nione mtu anamtendeaje asiyemfaa kitu. Kipimo kingine sina.

Umeme wao una nguvu nusu ya wetu, na tundu za ukutani ni nyingine. Pasi yako ya nywele iache, itapata vuguvugu tu. Ila nusu si haba, sisi leo hatuna hata robo.

Bahari upande wa magharibi imetulia, upande wa mashariki ina mkondo unaovuta watu, huko ni kutazama tu. Wewe umejifunza kuogelea kwenye bwawa la pale Ellis Park, bwawa lina ngazi. Mkondo ukikuvuta usipigane nao, elea, ogelea ukifuata ufuo mpaka ukuachie. Hilo halimo kwenye karatasi, hilo nimelitoa Tanga, na lilipaswa kuwa somo la mkono kwa mkono ndani ya maji ya kwetu. Kila mwaka nilisema mwaka huu tunakwenda. Ukirudi tunakwenda, na safari hii usiniulize kama ni kweli, nikatie tiketi.

Wanasema nguo ya kuogelea iishie ufukweni, mjini watu hujisitiri. Hapo nilidhani wamemhoji bibi yako. Wanasema pia wana chakula cha unga wa mahindi uliosongwa na bamia, kinaliwa na samaki anayeruka. Mwanangu, huo ni ugali na mlenda vimekutana sufuria moja! Umekwenda ng'ambo ya dunia kufundishwa mapishi, ukamkuta shangazi yako jikoni. Wasonge wao, wewe tazama kwanza. Ukishakula sahani mbili ndipo utaje wa kwetu. Na kwa mama yake Camille usikae kama mteja, hata kama wewe ndiye mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lichukue jembe mwenyewe kabla hujapewa.

Jambo la vifurushi. Karatasi inaonya usibebe mzigo wa mtu ambao hukuufunga mwenyewe. Wewe unajua watu wetu: wakisikia mtu anasafiri, hata kama ni kwenda mwezini, kila mmoja ana mjomba huko. Juzi kaja mtu na dagaa kilo mbili na jina la binamu aliyeko, nadhani, Kanada. Nimewaambia wote umeshaondoka. Kwa hiyo tangu Jumamosi wewe uko Barbados na unasalimia. Leo ukitoka vaa kofia.

Jaketi la kombati nimelifumua mshono kwa mshono. Kitambaa nimempa mke wa Papa Ilunga, atafunikia viti, na viti havisafiri. Hariri, zipu na mifuko sita nimehamishia kwenye kitani ya rangi ya haradali, nyepesi, maana kule joto. Kola ni ileile. Niliikata kabla sijakishona kigezo kurudi kuwa karatasi. Limo ndani ya begi analokuletea mama yako, juu ya soksi zilizohesabiwa. Kama hulitaki, liache kitandani, sitauliza. Najua nitauliza.

Mwanaidi, nisamehe. Nilisema sikusindikizi kwa sababu niliogopa, na hofu kwa wanaume wa nyumba yetu hutoka kinywani kama hasira. Baba yangu hakuwahi kuniambia aliogopa nini. Mama aliniambia kwenye simu miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshazikwa, kwamba siku ile alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na viatu, yuko tayari nyuma ya mlango, akashindwa kutoka. Nimeishi na hiyo kanzu kichwani. Sitaki wewe uishi na suti yangu.

Umeme umerudi, nasikia cherehani za juu zimeanza. Papa Ilunga kaleta chai, imepoa, anasema mimi ndiye niliyechelewa. Namaliza.

Karatasi yako nimeikunja pamoja na barua hii. Utaona mishono, mingine imepinda, nilishona macho yakiwa na maji. Imekamilika isipokuwa mahali pamoja, chini kabisa kulia. Kipande hicho nimekitafuta kwenye mfuko wa mabaki, chini ya mashine, ndani ya viatu vyangu, sikukipata. Ni shauri la mwisho, na umelipigia mistari mitatu, zaidi ya yote. Linaanza hivi: "Kabla hujaondoka nyumbani, hakikisha..." Hapo mkasi ulipita.

Sijui ulitaka nihakikishe nini. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa chini ya jengo la rafiki yako na gari ya Papa Ilunga, nimevaa suti na viatu, nje ya mlango, si nyuma yake. Ukikataa kupanda nitaelewa, nitafuata teksi yako nyuma mpaka uwanja wa ndege. Lakini ukipanda, kaa mbele, mama, uniambie njiani kile kipande kilisema nini.

Baba yako,
fundi asiyesoma